Shukrani Zilizopotea Njia

Saa tatu kasoro dakika tano asubuhi. Simu imelazwa kifudifudi kando ya kompyuta. Mwenyewe amejitenga nayo kidogo, mikono mapajani, kama mtu aliyeketi na mbwa asiyemjua.

Wateja wanamwita Kalamu. Jina lake halisi hawalijui, na sauti yake hawajaisikia. Ni mwaka wa sita sasa anawaandikia wanafunzi wa chuo kazi zao za masomo, nao wanabandika majina yao. Huwasiliana kwa ujumbe tu.

"Sauti ni mlango," anajisemea taratibu. "Ukiufungua, mtu anaingia."

Chumba cha pili cherehani inanguruma. Mama yake ni fundi wa sare za shule. Anachojua yeye ni kwamba bintiye anachapa barua za watu.

Kosa lilianzia kwenye cherehani hiyo. Mwezi uliopita Kalamu alimaliza tasnifu ya mteja anayemwita Bosi, ukabaki ukurasa wa shukrani. Alimwomba Bosi auandike mwenyewe. Bosi akajibu amalizie tu. Usingizi ulikuwa umemlemea Kalamu, vidole vikaenda vilikozoea: *Namshukuru mama yangu, ambaye mguu wake kwenye cherehani ndio ulionisomesha.*

Bosi hakusoma. Msimamizi wake alisoma, na msimamizi huyo alikuwepo mazishini mama yake Bosi alipozikwa. Leo saa mbili amemwita ofisini.

"Mfa maji haachi kutapatapa. Akibanwa atatoa namba yangu," anasema Kalamu. "Watu wa chuo siwaogopi. Namwogopa mama."

Simu inatetemeka. Anaigeuza kwa ncha ya kidole.

"Nimesema ni mama mlezi. Amekubali."

Anashusha pumzi. Hajaimaliza, ujumbe wa pili unaingia.

"Anataka kumwona siku ya mahafali. Huyo wa cherehani ni wako, sivyo? Niazime mama yako."

Cherehani inanyamaza.

"Mwanangu, nasikia simu. Nani huyo?"

"Mteja, mama."

"Mjibu basi. Usimweke mtu roho juu."

Kalamu aliacha chuo mwaka wa pili, na anataka kurudi. Kwenye kompyuta ana faili la tasnifu yake mwenyewe, lenye ukurasa mmoja tu: ule wa shukrani. Ameunakili kutoka tasnifu ya Bosi, neno kwa neno.

"Huu ni wangu," anasema. "Kurasa nyingine zitafuata."

Simu inaanza kulia. Bosi anapiga, kwa mara ya kwanza.

"Pokea, mwanangu," mama anasema.