Chawa wa Njiwa kwa Kuku wa Kageha

Jana nilipanda juu ya fleti kuanika nguo, nikamkuta jirani akimpaka kuku wake majivu chini ya mabawa kuua chawa. Harufu ile ya majivu na vumbi la manyoya ilinipigisha chafya. Nikamkumbuka Kageha, na niwaambie ukweli, hata sasa nikiwa mama wa watoto watatu, wivu haukukawia kuamka.

Kageha ni binti wa marehemu baba mdogo. Mama yake alipoolewa kwingine, Kageha aliletwa kwetu Kariobangi kutoka Vihiga, ana miaka kumi na mmoja kama mimi, na kuku mwekundu ndani ya kikapu. Nilimchukia kabla hajavua viatu. Baba, ambaye mimi alizoea kunisalimu kwa kutikisa kichwa tu, alichuchumaa kumfungulia kamba za viatu.

Mwalimu wa sayansi alipotangaza maonyesho, sisi wengine tulichora moyo na mapafu. Kageha akachagua chawa! Alimshika kuku wake juu ya karatasi nyeupe, akampekua manyoya, na kila chawa aliyeanguka akambandika daftarini kwa selotepu. Ukurasa wa kuku ulikuwa na wanono, wa manjano, wenye vichwa vipana. Wa njiwa wa jirani walikuwa wembamba na warefu, wa kujipenyeza kati ya nyuzi za unyoya. Hata mbuzi aliyengoja kuchinjwa buchari alipewa ukurasa wake. Hawa hawanyonyi damu kama wale wa vichwani mwetu, alimweleza Baba, wanatafuna manyoya na ngozi iliyokufa, na karibu kila mnyama ana wake, waliobadilika pamoja naye tangu zamani za kale.

Baba alizima redio ili amsikilize. Redio! Mimi nilipokuwa wa pili darasani hakuipunguza hata sauti.

Basi siku tatu kabla ya maonyesho nikapanda peke yangu juu ya nyumba, walikofugwa kuku na njiwa, nikawapukuta chawa wa njiwa kwenye karatasi, nikamnyunyizia nao yule kuku mwekundu wa Kageha. Nilitaka waanguke mbele ya watu, daftari lake lionekane la uongo, na Baba awepo.

Baba alikuwepo, na tai shingoni. Kageha alimpekua kuku, wakaanguka wanono wa manjano. Akapekua tena. Hakuna mwembamba hata mmoja.

"Zii, haiwezekani!" nikaropoka. "Mbona niliwaweka wengi?"

Darasa zima likanigeukia. Kageha alinitazama kidogo, kisha akamwambia mwalimu, "Ni kweli. Dada aliwatoa kwa njiwa akawaweka kwa huyu, tuone kama watakaa. Hawakukaa."

"Hilo ndilo jaribio lenyewe!" mwalimu akapiga makofi, na Kageha akawa wa kwanza.

Jioni hiyo tulichinja kuku wa kununua sokoni. Kwetu firigisi ilikuwa ya Baba. Mama mwenyewe hakuwahi kuionja. Baba akaitoa kwenye sahani yake, akaiweka kwenye ya Kageha. Nilisikia machozi puani. Kageha akaikata katikati, akanisukumia nusu.

"Kula, dada," akaninong'oneza.

Kwa miaka mingi nilidhani ule ulikuwa wema tu, na wema wake nao niliuonea wivu. Mwaka jana, tukimenya viazi jikoni kwangu, nikamwomba msamaha. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Mimi niliogopa," alisema. "Nilijua aliyewahamisha wale chawa hanitaki pale kwenu. Wao walikuwa wameshindwa kukaa. Nikaona nikikupa nusu, pengine mimi nitakaa."

Nilikumbuka tu kwamba nusu ile niliimaliza yote, kisha nikaanza kuitazama ile iliyobaki kwenye sahani yake.