Colombe na Kondo Yake

Kama unataka kumujua Colombe, muke wa kijana wangu Philémon, angalia kwanza miguu yake. Tangu iko na miaka kumi na tano, kila asubuhi alikuwa ananunua sambaza, samaki kidogo za ziwa, kwa wavuvi hapa chini Nguba, anajaza beseni, anapanda nayo mupaka soko ya Nyawera. Miye nasema mawe ya ile njia ilikuwa inamusalimia kwa jina. Jioni anarudi na harufu ya samaki, anacheka bila sababu, na paka zote za mutaa zinamufuata kama askari nyuma ya kolonel wao.

Mimba yake ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi ine. Hakulia mbele ya watu. Nyuma ya wiki mbili alirudia sambaza yake, lakini kucheka ilikwisha.

Mwaka uliofuata akabeba tena. Siku moja tulikuwa tunachambua maharagi kwa mulango, akaniuliza: "Maman, ile ya kwanza ilitoka juu ya nini?"

Angeuliza mutu mwingine. Miye sikusoma hata darasa moja, na tangu utoto, ukweli ukiwa mufupi ninaushonea mukia. Nikamuambia habari ya mwanamuke moja wa kwetu Kabare, alishuka mulima ya Ngomo kwa miguu mupaka Kamanyola na mimba ya miezi tano. Kwa kutikisika ile, kondo ikabanduka. Kondo, ile nyama yenye kumulisha mutoto tumboni na kumufuata nyuma akizaliwa. Ikateremuka polepole, mutoto pamoja nayo, mupaka kwa goti. Mutoto akazaliwa kwa goti. Leo ni muzee, na ukitaka kumusalimia lazima uiname.

Nilitaka acheke. Colombe aliacha maharagi, akaingia nyumbani kama mutu amebeba mayai, akalala.

Alilala wiki saba. Anaamuka tu kwenda choo, mikono mbili chini ya tumbo. Philémon, fundi wa mawe, akamutengenezea kitanda karibu ya dirisha. Miye nilikuwa ninamupelekea uji na kunyamaza. Kwa mara ya kwanza mutu aliamini hadithi yangu yote, hata goti. Ndiyo kosa yangu, naisema. Aibu ya kusema "nilidanganya" ilikuwa nzito kupita beseni ya samaki.

Siku ya kupimwa tulikodi teksi. Muzalishaji wa kituo ya afya, Mélanie, mwanamuke wa mikono baridi na maneno kidogo, akamupima tumbo na metre kama ya fundi wa nguo. Akapima tena.

"Tumbo hii iko nyuma ya miezi yake," akasema. "Mutoto anakua kidogo. Unafanya nini muchana?"

"Ninalala."

"Nani alikuambia ulale?"

Colombe aliniangalia. Miye nikaangalia ukuta.

Mélanie akatutuma kwa ekografi, ile mashini ya kupiga tumbo picha. Tukarudi na karatasi: kondo imeshikama juu, mahali pazuri, lakini iko nyembamba. Mutoto anacheza. Hakuna damu, tansio, nguvu ya damu, iko sawa. Hapo Mélanie akavuta kiti.

"Sababu ziko mingi, siwezi kusema yote inatoka kwa kitanda. Lakini kitanda haikusaidie. Kondo inakunywa damu yako. Ukitembea, moyo unapiga, damu inakimbia, na kondo inazoea kufungua mishipa mingi. Mutoto anapata chakula na pumzi. Beseni ya samaki kwa kichwa, hapana. Kutembea nusu saa kila siku, kwa mwendo wenye unaweza kuzungumuza, ndiyo. Ukiona damu, kizunguzungu ama maumivu, unaacha, unakuja hapa."

"Na ile ya kwanza?"

"Ya mwezi wa ine, mara mingi hatujue sababu. Lakini haikuwa miguu yako."

Kufika nyumba, alirudi kitandani. Philémon akamuomba, akakataa. "Mélanie anaongea ya vitabu," akasema. "Maman aliona mutu kwa macho."

Nikakaa pembeni ya kitanda. "Colombe, hakuna mwanamuke wa Ngomo."

"Maman, unasema ivi juu ya kunituliza."

"Hakuna goti."

"Ulisema ulimusalimia."

"Nilisema lazima uiname. Sikusema niliinama."

Angalia mambo: maisha yangu yote ninadanganya, watu wanacheka, siku nasema kweli, wananikatalia. Nikafikiri. Kama kweli haipiti mulango ikiwa uchi, tuivalishe.

"Basi sikiliza. Kondo ni mupishi muvivu. Nyumba ikiwa kimya, anasema: hakuna mutu, nisinzie. Moto inazimika. Lakini akisikia miguu, anaruka: wageni wamefika. Anatia kuni, anaita mashangazi yake wote waponde sombe, majani ya muhogo. Sasa ule mutoto anaonja nini, kama mama yake iko kimya tangu wiki saba?"

Tumbo yake ikacheza, niliona shuka inapanda.

"Ule mupishi," akasema, "anafanana na miye ama na weye, Maman?"

"Na miye. Ndiyo maana lazima umuamushe."

Akashusha miguu chini.

Siku ya kwanza tulifika kwa mulango wa jirani, tukarudi. Nyuma ya wiki moja, kwa barabara ya ziwa. Nyuma ya mwezi tulikuwa tunapanda njia ya Nyawera. Nilimufuata na chupa ya maji. Nikichoka, anasimama kama ni yeye amechoka. Wanawake wa sambaza wakamuchokoza: "Colombe, umekuwa mubunge? Unatembea mikono mitupu."

"Ninapeleka wageni kwa mupishi," akajibu, akaendelea kupanda.

Kila mara Mélanie anapima, anaandika, anasema neno moja: "Endelea." Tumbo ilikuwa inafuata miezi yake, polepole.

Alizaa asubuhi moja ya mvua. Mutoto akalia kwa nguvu. Kisha kondo ikatoka, Mélanie akaigeuza na kuichunguza upande kwa upande, kama mutu anachambua muchele. Colombe, jasho usoni, hakuuliza kama ni kijana ama binti.

"Iko nzima?" akauliza.

"Nzima, na nene. Na binti yako iko na kilo tatu kasoro kidogo."

Wakanipa kondo ndani ya sashe ya plastiki, maana kwetu haitupwe, inazikwa kwa nyumba ya mutoto. Philémon akachimba nyuma ya nyumba. Colombe aliporudi akauliza ni wapi. Kabla sijanyoosha kidole, alikuwa amesimama, mutoto kwa kifua. Akashuka ngazi ya udongo, moja, mbili, mupaka pale udongo ulikuwa ungali mubichi.

"Hapa?"

"Hapa."

Akaushindilia kidogo na mguu, akapanda tena.