Punda Wetu Alifuata Mgongo

Punda wetu alipanda lori mwenyewe. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemvuta. Hapa kijijini Matinyani watu wanaisimulia kama muujiza, na baba anaisimulia kuliko wote. Mimi naiandika kwa sababu kusimulia siwezi. Nikisimama mbele ya watu, hata wa nyumbani, sauti inarudi tumboni.

Aliyempandisha ni jirani yetu, mzee ambaye ujana wake wote aliumalizia Nairobi kwenye mazizi ya farasi wa mashindano, akiwalisha na kuwafunza. Aliporudi nyumbani hakukuta farasi hata mmoja. Huku kwetu farasi ni wa kwenye vitabu. Basi akahamia kwa punda, na watu wakamcheka, ati mzee ameshushwa cheo. Lakini mtu akiwa na punda anayeuma, au anayelala chini akiona mitungi, alimpeleka kwake tu.

Wetu tulimpata akiwa ameshaharibika. Alikuwa jike, sikio moja limechanika, na mwenyewe wa kwanza alikuwa amemchapa mpaka ukishika hata kijiti cha mswaki anatoroka. Mama alikuwa ameumia mgongo kwa kubeba maji kutoka mtoni, kwa hivyo punda huyo alikuwa lazima afanye kazi. Baba akaniambia niwe nampeleka kwa mzee nikitoka shule.

Siku ya kwanza mzee alimfungua kamba ndani ya boma la miiba, halafu akamgeukia kifua wazi, macho kwa macho. Hakuinua mkono. Punda akaruka akaanza kuzunguka ua mbio. Mzee akamwacha azunguke. Kisha akashusha macho, akalegeza mabega, akageuka akampa mgongo. Akasimama hivyo kama mtu anayengoja mvua.

"Sasa anafanya nini?" nilinong'ona.

"Anafikiria. Wewe ona sikio."

Sikio zima lilikuwa limemgeukia. Baadaye kichwa kikashuka. Baadaye punda akaanza kulamba midomo na kutafuna, na hakuwa na chochote mdomoni.

"Ukimwangalia machoni, unamwambia toka," mzee akasema, akiongea na ua. "Kifua chako kikimwelekea, ni kama umemrushia jiwe. Mpe bega. Mpe mgongo. Anayekupa mgongo hakuwindi."

Na punda akaja. Polepole, akasimama, akaja tena, akaweka pua katikati ya mgongo wa lile koti kuukuu la mzee. Mzee akaanza kutembea. Punda akafuata bila kamba.

Nilitaka kulia na sikujua ni kwa nini. Shuleni mwalimu huniambia, "Niangalie nikiongea na wewe!" na nikimwangalia machozi yanatoka. Kanisani wanataka vijana tusimame tutoe ushuhuda, na mimi hujificha chooni mpaka wafike kwenye sadaka. Huyu mzee hakuwahi kuniangalia machoni hata mara moja. Niliona ni heshima. Niliona nimepata mtu mmoja anayejua kwamba macho ya watu huuma.

Nikajifunza. Ikafika mahali nikitoka na mitungi nampa punda mgongo tu, naanza kushuka mtoni, nasikia kwato nyuma yangu. Yeye ndiye mtu pekee niliyekuwa naongea naye njia nzima. Naandika mtu, sitafuti neno lingine.

Halafu baba akaingiwa na hamu ya pikipiki.

"Punda ni umaskini unaotembea," alisema tukila. "Dunia imeenda."

Mnunuzi alikuja na lori kutoka upande wa barabara ya Mombasa. Baba alituambia punda anaenda kubeba mchanga kwa watu wa mjengo. Lakini yule mnunuzi hakuuliza kama anabeba. Hakuangalia meno wala kwato. Alimshika shingoni akafinya ngozi, akaivuta, akaiachilia, kama mama anavyopima kitambaa sokoni. Mama akaingia jikoni na hakutoka tena. Sote tulijua hao ni watu wa ngozi, wanaochinja punda ili wauze ngozi yake.

Punda alikataa kupanda. Mnunuzi na vijana wake walimvuta kwa kamba, wakamsukuma, wakaleta fimbo. Masikio yakalala nyuma, akampiga mmoja wao teke la paja, kijana akaanguka chini akishikilia mguu.

"Amekukataa kama bibi yako!" wenzake wakamcheka.

Baba akatuma mtu amwite mzee. Nilipoona lile koti linakuja kwenye njia, moyo wangu ulitulia. Nilijua atakataa. Ni yeye alimtengeneza, angewezaje?

Hakukataa. Alisema, "Tupeni fimbo hizo chini, mrudi nyuma." Akampa punda bega, akangoja. Sikio likageuka. Midomo ikaanza kulambwa. Mzee akamgeuzia mgongo, akakanyaga ubao wa kupandia lori, na punda akaanza kumfuata.

Hapo nikatoka. Nilisimama mbele ya ubao, nikamgeukia punda kifua wazi na macho kwa macho, vile nilivyofundishwa. Toka. Toroka. Punda akasimama, masikio juu. Akarudi nyuma hatua.

"Huyu msichana ana nini?" mnunuzi akauliza.

"Wewe! Toka hapo!" Baba alipaza sauti ya kanisani. Wanaume wote wakaniangalia. Sikutoka. Mimi, ambaye naogopa kuomba chaki.

Mzee akashuka. Hakuja moja kwa moja. Alizunguka kidogo, macho kwenye miguu yangu, bega mbele. Akasimama kando yangu, akapumua polepole mpaka na mimi nikajikuta napumua kama yeye.

"Mwiitu wakwa, binti yangu," akasema chini, "najua. Najua."

Akageuka. Akaanza kutembea kuelekea kwenye ua.

Nami nikamfuata.

Hakuna aliyenishika. Kichwa kilikuwa chini, machozi yamefika mdomoni nayalamba, na mbele yangu ni lile koti tu. Tulipofika kwenye ua nilishika mti, nikadhani tunaenda nyumbani kwake sote watatu. Yeye akapita nyuma yangu, akarudi kwa punda. Niliposikia kwato juu ya mbao, nikageuka, mlango wa lori ulikuwa unafungwa.

Wanaume walipiga makofi. Mzee alikuja akasema, bado akiongea na ua, "Angepanda tu. Wangempiga mpaka apande. Heri amepanda bila kidonda." Labda ni kweli. Nimeifikiria sana na bado sioni inamsaidia nani, yeye au punda.

Pikipiki iko. Baba anabeba abiria nayo, na maji inabeba siku ikiwa na mafuta na yeye ana nafasi, yaani ni nadra sana. Mtungi naubeba mimi mgongoni, ukanda kwenye paji la uso, kwa hivyo sasa hata nikitaka kuinua macho siwezi.

Juzi nilikuwa napanda kutoka mtoni nikamwona mzee anashuka. Njia pale ni nyembamba. Aliniona, akashusha mabega, akaanza kunipa bega kama kawaida yake. Nikatoa ukanda kichwani, nikaushikilia mtungi kwa mikono nyuma ya kiuno, nikasimama wima. Nikamwelekezea kifua. Nikamwangalia ndani ya macho. Ni ya kahawia, moja lina ukungu. Sikuwa nimewahi kuyaona.

Alisimama. Akarudi nyuma hatua, kisha akaingia kwenye nyasi akaniachia njia.

"Eeh," akasema nikipita, na sauti yake ilikuwa na furaha, kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amepata jibu. "Sasa umejua."

Maji yalikuwa yamenimwagikia sketi yote. Nilirudi mtoni kujaza tena.