Nilivyowadanganya kwaya nzima kuhusu tini zangu, nikaumbuka Jumapili ya malimbuko

Wakuu, heshima kwenu, na mlionizidi umri shikamooni. Kisa hiki ni changu mwenyewe, sijasimuliwa na jirani. Nikiongeza chumvi mume wangu yumo humu humu, atanisahihisha.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Kilosa. Uani kwangu kuna mtini aliouotesha marehemu baba mkwe. Kwa wasiozijua, tini ni tunda laini, ndani jekundu lenye vijimbegu, tamu mpaka unafumba macho.

Shida ni kwamba njia ya kwenda mazoezi ya kwaya inapita kando ya uzio wangu. Akina mama wakienda wanachuma, wakirudi wanachuma tena. Kila mwaka mimi naambulia majani.

Mwaka huu nikasema hapana.

Nikamvuta pembeni mama mmoja wa kwaya, yule ambaye ukimpa siri asubuhi, mchana imeshafika Mikumi. Nikamwambia nikiwa serious kabisa: "Shoga, tini zinakausha sauti. Baba mkwe alikuwa mwimbaji hatari ujanani, alipozizoea hizi ikawa basi."

Uongo mtupu. Mzee yule hakuwahi kuimba hata msibani.

Bahati ikawa upande wangu. Wiki hiyo hiyo mwanakwaya mmoja akachuma tini mbichi, utomvu ukamuwasha midomo na koo, mazoezini akashindwa kutoa sauti. Kesi ikafungwa. Watu wakawa wanapita kwangu wamefumba midomo, kana kwamba hata harufu ina madhara. Nilicheka mpaka nikaacha kushona.

Matokeo yake, ndoo saba!

Sasa tini ikiiva haina subira, siku mbili tu inachacha. Nyingine nikazipasua nikazianika kichanjani juu ya chandarua kipya, jioni naziingiza ndani zisipate umande. Wifi yangu wa Ruhembe akaniletea dumu la maji ya miwa, tukayachemsha mpaka yakawa mazito kama asali, tukatia tini na ndimu. Jamu ikatoka, tukaijaza kwenye chupa. Wifi alilamba mwiko mpaka nikamnyang'anya.

Huku nyuma nikasahau kitu kimoja. Malimbuko.

Mama mkwe alikuja kutoka Mikumi kwa ajili ya Jumapili hiyo, ile ya kupeleka mazao ya kwanza kanisani, na ibada ikiisha yananadiwa. Alipoziona tini alishika kifua. "Mama Joshua, mti huu haujawahi kuzaa hivi tangu mume wangu aupande. Kesho nazipeleka mwenyewe."

Nilitaka kumwambia. Nikaishia kumtafutia beseni.

Basi mnada ukaanza. Jogoo akaenda, boga likagombaniwa. Ikafika zamu ya beseni la tini na chupa nne za jamu. Mzee wa kanisa akanadi, kimya. Akashusha bei, kimya.

Mama mkwe amesimama kando ya beseni lake na kitenge kipya, anatabasamu, na tabasamu linapungua kidogo kidogo. Akanisogelea, akaninong'oneza: "Hawa watu walikuwa na ugomvi na marehemu?"

Wakuu, moyo uliniuma. Nilijiona mtu mbaya sana.

Nikasimama. "Jamani, niliwadanganya. Tini hazikaushi sauti. Nilitaka nile peke yangu."

Kanisa likaguna. Mwalimu wa kwaya, mpole wa siku zote, akasema: "Basi kula tatu hapo mbele, halafu utuimbie ubeti mmoja."

Nikala. Nikaimba.

Sasa mimi sauti sikujaliwa. Hata mume wangu huniomba nisiimbe nikimbembeleza mtoto. Nilipopanda kwenye kiitikio, sauti ikapasuka vipande viwili. Mama mmoja nyuma akapaza: "Si mnaona! Zinakausha!"

Kanisa zima likaangua kicheko, mchungaji akajifunika uso na kitabu cha nyimbo.

Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akafuta machozi, akasema: "Jamani, huyu nilimpokea na sauti hiyo hiyo. Tini hazina kosa. Njooni muonje."

Beseni liliisha pale pale, na chupa za jamu zikagombaniwa kuliko lile boga. Kisha mama akanigeukia, hacheki tena: "Na ule uzio wa upande wa njiani, kesho uutoe."

Nimeutoa. Wanakwaya wanakuja na ndoo zao, na mimi ndiye nawashikia ngazi.

Nilichojifunza: njia ya mwongo ni fupi, na ya mchoyo ndiyo hiyo hiyo.

Haya, mwenye mbinu nyingine ya kutunza tini anipe. Na aliyewahi kutunga uongo ili kuokoa chakula chake aungame hapa chini, mimi nimeshatangulia.