Krismasi Niliyozima Tanuri, Mtaa Ukanijia na Nyama Mbichi

Jamani, hebu vuta picha. Asubuhi ya Krismasi unafungua mlango na mswaki mdomoni, unakuta mtaa mzima umepanga foleni, kila mtu kakumbatia sinia la nyama mbichi.

Wote wanakutazama wewe.

Na tanuri lako limezimwa tangu jana.

Yalinikuta mimi haya, sikusimuliwa. Kaeni vizuri niwape.

Mimi ni muoka mikate. Duka liko mbele, tanuri katikati, nyumba nyuma. Mtaani wananiita Tanuri, na wengine nahisi hawajui kama nina jina jingine. Tanuri lenyewe ni la matofali na kuni, alilijenga marehemu baba. Likishapoa, kulirudisha kwenye moto wa kuchomea nyama ni shughuli ya nusu siku.

Sasa majirani zangu hawana oveni. Wana majiko ya kupikia, basi. Kwa hiyo miaka nenda miaka rudi, nyama ya kuchoma ya Krismasi ya mtaa mzima ilikuwa inapita kwangu. Kuku, bata, mapaja ya mbuzi, mbavu. Mwaka mmoja kuna jamaa alileta kichwa cha ng'ombe, mpaka leo sijui alikuwa na mpango gani nacho.

Kila mtu anafunga alama yake kwenye sinia, huyu kitambaa chekundu, yule kamba ya kiatu. Halafu wanaondoka zao kusali na kutembeleana. Mimi nabaki na moto.

Sinia la mwisho likitoka jioni, na mimi nimekwisha. Macho mekundu, nguo zinanuka mafuta, hamu ya kula hakuna. Naingia ndani nakuta mke wangu na binti yangu walishakula. Najitupa kitandani na viatu vyangu.

Watu wanasifia: "Tanuri, mwaka huu nyama imekubali!"

Mke wangu hasifii.

Basi mwaka jana, shuleni kwa binti yangu, mwalimu akawauliza watoto wa chekechea, baba yako hufanya nini siku ya Krismasi? Mmoja akasema baba yake huimba. Mwingine akasema baba yake hucheza mpaka anaanguka. Wa kwangu akasimama, akasema:

"Baba yangu analala."

Mwalimu alimsimulia mke wangu huku anacheka. Mke wangu hakucheka.

Siku hiyohiyo akaja dukani, akanikuta nakata madonge ya unga.

"Mume wangu, Krismasi hii tanuri haliwaki."

"Na nyama?"

"Nyama ya kuchoma hatuli. Tunakula tambi."

"Tambi?"

"Mwanao ndiye kachagua. Tambi, rojo la nyanya, mayai ya kuchemsha, na matunda. Napika mara moja kwenye jiko moja, tunakaa mezani wote watatu, chakula kikiwa cha moto."

"Tambi, Krismasi! Mke wangu, watu watatucheka mpaka Pasaka."

Akaninyang'anya kisu taratibu, akakiweka mezani.

"Sikiliza. Ukichoma hata bawa la kuku la mtu, mimi na mtoto tunakwenda kwa mama. Na tutarudi lini, usiniulize. Mimi niliolewa na mtu, sikuolewa na moshi."

Mke wangu hatishii nyau. Akisema anaondoka, ujue begi lilishafungwa siku nyingi moyoni.

Shida ni kwamba mimi nina ugonjwa mmoja: neno "hapana" halinitoki. Ukiniomba shati nililovaa, nitakuuliza tu kama nifue kwanza. Sasa niwaanzeje watu wa mtaa wote ule?

Ndipo nikapata wazo. Nililiona la akili sana, nikajipongeza mwenyewe.

Mbele ya duka langu kuna kinyozi. Mtu mzuri, mkono mwepesi, lakini mdomo hauna breki. Ukimpa habari akiwa ananyoa upande wa kushoto, kabla hajafika wa kulia mtaa wa pili wameshaipata. Watu wakimwona anakuja hukatiza mazungumzo, huanza kuzungumzia mvua.

Na nilijua dawa yake. Habari ya kawaida huyo anaweza hata kuisahau. Lakini iite siri, uone inavyopaa.

Nikaenda nikakaa kwenye kiti chake.

"Ndugu yangu, nina siri nzito."

Mashine ikazimwa palepale.

"Krismasi hii siwashi tanuri. Nakula na familia. Usimwambie mtu, nakuomba. Hata mkeo."

Akanitazama kwenye kioo muda mrefu, sura imebadilika. Akajigusa kifuani. "Limekufa hapa."

Nikacheka kimoyomoyo. Limekufa wapi? Mpaka jioni litakuwa limezaa mapacha.

Nyumbani mke wangu akaniuliza, "Umewaambia watu?"

"Wanajua wote."

"Umewaambia kwa mdomo wako?"

"Wewe mwanamke, habari imefika! Unataka nini tena?"

Jicho alilonitupia, acha tu.

Siku zikapita. Hakuna aliyekuja kulalamika. Nikasema, kumbe mtaa wangu una watu waungwana hivi! Ukweli niliumia kidogo. Miaka yote nawachomea nyama, leo naacha na hakuna hata wa kunibembeleza?

Mama mwenye duka la vyombo akapita siku ya mkesha. "Tanuri, tuonane kesho!"

"Tuonane, mama!" Nikajua ananitakia heri.

Nikaoka mikate ya mwisho, nikazima moto, nikalala usingizi wa mtoto aliyeshiba.

Asubuhi ndiyo hiyo. Foleni.

Mbele kabisa alikuwa mama wa vyombo, na bata kwenye sinia, kapakwa viungo mpaka anang'aa. "Heri ya Krismasi, Tanuri! Mbona leo hatuoni moshi?"

Mswaki ukanidondoka.

"Jamani... kwani hamjasikia?"

"Tusikie nini?"

Nikamtafuta kinyozi. Nikamwona mwisho wa foleni, kabeba kuku. Yaani anayejua yote naye kasimama na kuku! Macho yetu yakakutana. Akabana midomo, akapitisha kidole juu yake kama anavuta zipu, akanikonyeza kwa fahari.

Hapo nikajua kimenuka.

"Usihangaike," mama wa vyombo akasema. "Kama umechelewa kuamka, washa tu, tutasubiri. Mimi wageni wangu ni wa jioni."

"Washa, Tanuri!" wengine wakadakia. "Tunakuaminia!"

Na mdomo wangu, bila hata kuniuliza, ukasema: "Nipeni basi nafasi kidogo nikatafute kuni."

Nikageuka.

Mke wangu alikuwa amechutama kwenye mlango wa nyumba, anamfunga binti yangu kamba za viatu. Hakupiga kelele. Hakununa hata. Alikuwa anafunga viatu tu.

"Mama, tunaenda wapi?"

"Kwa bibi."

"Baba haji?"

"Baba ana kazi."

"Haya," mtoto akasema.

Hiyo "haya" ndiyo iliyonimaliza. Angelia, ningembembeleza. Lakini alikubali upesi, kama mtu aliyezoea. Niliumia, jamani, siwafichi.

Nikawarudia watu wangu.

"Hapana."

Ilitoka ndogo, mama wa vyombo akanisogezea sikio. "Umesemaje?"

"Nimesema hapana! Tanuri haliwaki leo. Nilipaswa kuwaambia mapema, nikaogopa, kosa ni langu. Hizo nyama katakateni, mkapike kwenye majiko yenu. Mimi leo nakula na familia yangu. Tunakula tambi!"

Sauti moja kutoka nyuma: "Tambi?"

Kikaanguka kicheko. Walicheka wale watu mpaka mtu mmoja ikabidi aweke sinia chini. Mama wa vyombo peke yake hakucheka.

"Kwa hiyo huyu bata mimi nimfanye nini?"

"Mkatekate, mama yangu."

"Bata wa Krismasi nimkatekate kama wa Jumanne! Tanuri, umenivunjia heshima." Akaondoka, kisigino kinagonga chini. Mwingine akanitangazia kwamba mikate iko mingi mjini, si kwangu tu. Niliogopa kweli, maana mikate ndiyo inayotulisha. Lakini neno lilishatoka.

Nilipogeuka tena, mke wangu alikuwa anafungua zile kamba za viatu.

Nikachutama, nikamfungulia mtoto kiatu cha pili.

Uani akabaki kinyozi na kuku wake.

"Na wewe?" nikamuuliza, nimechemka. "Wewe si ulijua?"

"Mke wangu alinipa kuku nilete. Ningekataa, angeuliza sababu. Ningemjibu nini, na ni siri?"

Mke wangu akadakia kutoka jikoni, "Mwiteni mkewe, waje wale hapa. Na huyo kuku mwekeni kwenye maji baridi."

Mkewe akaja. Tukakaa. Tambi zikaletwa zinafuka moshi, rojo jekundu juu, mayai pembeni. Binti yangu akasisitiza anipakulie yeye. Nusu iliingia kwenye sahani, nusu kwenye suruali yangu. Akawa ananichungulia kila nikitia kijiko mdomoni.

"Baba, hulali?"

"Silali."

"Basi ongeza."

Nikaongeza. Nawaambia kweli, nimechoma nyama za kila aina, lakini chakula kitamu kama zile tambi sijapata kula.

Tukiwa kwenye matunda, nikashindwa kuvumilia. "Hivi ndugu yangu, kweli kabisa hukumwambia mtu? Hata mmoja?"

Nilitegemea atacheka. Akaweka ganda la chungwa chini.

"Tanuri, nikwambie. Mimi najua wananiitaje. Nikiingia mahali wanaanza habari za mvua. Miaka yote nanyoa vichwa vya watu, hakuna aliyewahi kuniambia jambo la moyoni na kuniomba nilitunze. Wewe wa kwanza." Akajifuta jicho kwa mgongo wa mkono. "Ilinichoma kifuani kila siku, lakini nikasema huyu kaniamini, simwangushi."

Mkewe akamtazama kama anamwona leo. "Ndiyo maana ulikuwa unaongea usingizini?"

Mimi nilikuwa natafuta pa kuficha uso. Chini ya meza mke wangu alinipiga teke la haja, maana alishaelewa ile "habari imefika" ilipitia wapi.

"Asante, ndugu yangu," nikasema. Ningesema nini kingine? Kwamba nilimfanya kipaza sauti? Nilijiona mdogo kuliko punje ya mchele.

Mchana ule mtaa mzima ulinuka vitunguu vya kukaangwa. Watu walikula mapema, mchana kweupe, mpaka wakabaki wanaangaliana hawajui jioni wafanye nini. Mama wa vyombo akatuletea bakuli la bata wa mchuzi, bado kanuna.

"Kalainika," akasema. "Miaka yote ulikuwa unamkausha. Mwakani usithubutu kuwasha."

Basi mwaka huu nimejifunza. Wiki mbili kabla ya Krismasi, asubuhi watu wakinunua mikate, nikasimama juu ya kreti, nikatangaza kwa sauti yangu mwenyewe kwamba tanuri litapumzika. Watu wakaitikia vizuri, wengine wakaniuliza tambi zinapikwaje.

Kumbe kinyozi ananisikiliza kutoka kwake. Akavuka barabara, mashine mkononi, mteja kamwacha na nusu kichwa.

"Tanuri! Ile si ilikuwa siri yetu?"

"Ndugu yangu, lazima watu wajue..."

"Mimi nimekutunzia, mke wangu nikamficha, kuku nikabeba! Leo wewe unaipigia kelele barabarani?" Akatikisa kichwa kwa uchungu. "Sikujua kama una mdomo hivyo."

Kaninunia mpaka hivi ninavyoandika hapa. Nikikaa kwenye kiti chake, ananiongelesha habari za mvua.

Wapendwa, nawaachia hili. "Hapana" yako ibebe mwenyewe, usimtwike mwenzako, maana anayekungoja mezani kwako hajui kama ulikuwa unaogopa. Anachoona ni kiti kitupu. Na siri usimpe mtu kwa hila. Anaweza akaitunza.