Nguzo Iliyochipua

Faustino wa Mitole alikuwa mtu wa kuitwa mara mbili. Mara ya kwanza anaitika tu. Mara ya pili ndipo roho yake inarudi kutoka huko ilikokwenda. Angeweza kusimama na jembe begani katikati ya ufuta unaochanua, akitazama nyuki mpaka jua limpite kichwani. Mkewe, Skolastika, hakuona ubaya. "Wenzangu waume zao wanakunywa," alikuwa akisema, "wangu anawaza."

Umeme ulipofika kijijini, nguzo zilisimama ng'ambo ya njia. Aliyetandaza nyaya ndani ya nyumba yao alikuwa Anjelina, fundi kutoka Somanga, dada mwenye sauti ya chini na ngazi ndefu. Alipomaliza vyumba alitoka nje, akapima kwa macho kutoka njiani hadi ukingo wa bati.

"Baba, nyumba yenu fupi," alisema. "Waya ukivuka njia kwa kimo hiki, lori la ufuta litaondoka nao. Sharti upite juu, mbali na vichwa vya watu na mbali na bati. Tafuteni bomba la chuma la kupandisha juu ya paa, au msimamishe nguzo imara hapa uani. Nikirudi tutamalizia."

Bomba hawakuwa nalo. Lakini Faustino alikumbuka tawi nene la mninga lililoangushwa na upepo shambani kwake, refu, limenyooka kama limechorwa. Alipolikata ncha lilitoa utomvu mwekundu kama damu, naye akajikuta akinong'ona, "Pole, pole." Akalichimbia uani, akalishindilia udongo kwa mchi. Kisha mvua zikaanza.

Siku moja, baada ya chakula cha mchana, usingizi ulimpitia barazani. Akaota umeme unakuja Mitole si kwa waya bali chini kwa chini, taratibu, kama maji yanavyotafuta mizizi. Na kila ulipopita, nyasi ziling'aa kidogo. Alipofumbua macho aliona kitu cha kijani kwenye nguzo yake.

"Skolastika! Njoo uone. Nguzo inaota."

"Wewe ndiye unayeota, Baba Jerome," alijibu mkewe kutoka jikoni. Alitoka akifuta mikono, akasogea karibu na nguzo. Yalikuwa machipukizi ya majani, laini, yanatetemeka.

Anjelina aliporudi, mninga ulikuwa umevaa majani juu mpaka katikati, na chiriku wawili wamekaa humo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nguzo iko wapi?"

Faustino akanyoosha kidole. Anjelina alicheka hadi akaegemea ngazi yake, kisha akaacha, akamtazama mzee kwa upole. "Baba, huu ni mti."

"Ulikuwa nguzo."

"Najua. Lakini waya haufungwi kwenye mti. Mti unakua, unayumba, unavuta waya. Tawi likichubua waya, ni moto. Kanuni haina msamaha hapo."

"Tukikata matawi?" Skolastika aliuliza.

"Yatarudi, mama. Huu umeshaamua."

Faustino aliona aibu mbele ya fundi, na chini ya aibu ile kulikuwa na furaha asiyoweza kuieleza, kama mtu aliyeambiwa mgeni wake ni wa kudumu. Aliomba jambo moja tu: usikatwe. Basi yeye na Skolastika waliuchimbua pamoja na udongo wake, wakaufunga kwa magunia, wakaubeba hadi mpakani mwa shamba, wakaupanda huko. Majani yote yalipukutika. Mwaka uliofuata ulichipua tena, upande mmoja, lakini wakati ule hakuna aliyelijua hilo.

Bomba alilipata Skolastika, kwa kaka yake, lililobaki kwenye pampu ya kisima. Anjelina alilibana ukutani kwa vyuma, akalipitisha kwenye bati, akaziba tundu kwa mpira ili paa lisivuje. Juu kabisa akalivalisha kichwa kilichopinda, mdomo wake ukatazama chini kama mtu anayechungulia kisima. Watu wa shirika la umeme walipovuta waya kutoka ng'ambo, Anjelina aliuacha mahali pa kuungia umelegea, umening'inia chini ya mdomo ule.

"Mbona hukuukaza?" Faustino aliuliza.

"Mvua hufuata waya, baba. Ikifika hapa pa chini itadondoka. Haiwezi kupanda tena iingie bombani."

Taa iliwaka alasiri ya siku iliyofuata, mvua ikinyesha. Majirani walijaa sebuleni, wanazima wanawasha, wanacheka. Faustino alikuwa nje chini ya upenu, anatazama juu. Tone lilitembea kwenye waya kutoka ng'ambo ya njia, likashuka, likasita pale chini, likajaa, likaachia. Likaja jingine.

"Baba Jerome!" Skolastika aliita. "Taa imewaka!"

"Naam," aliitika.

Skolastika hakuita mara ya pili. Alitoka na kanga kichwani, akasimama kando yake, akainua uso kutazama anachokitazama mumewe.