Shavu Langu la Kushoto na Kopo la Mama Mdogo

Juzi mjukuu wangu alishuka kwenye bodaboda hapa Mfaranyaki akitokea madukani Majengo, mkononi ana kamfuko keusi anakaficha kama kuku wa kuibwa. Sherehe yake ya kuagwa kabla ya harusi ni mwezi ujao. Nikamwambia, lete nione. Likatoka kopo la mafuta ya kung'arisha uso. Nikafungua, nikanusa, na hapo hapo nikawa mtoto tena kule Maposeni, nimejibanza kwenye kihenge cha mahindi, shavu linawasha.

Ngoja nikusimulie, ila univumilie. Shule niliiachia darasa la tatu, na habari zangu huzunguka porini kwanza ndipo zifike nyumbani.

Kwetu mafuta ya kujipaka yalikuwa ya nyonyo. Bibi alikaanga mbegu mwenyewe, na ole wako uitie mdomoni, ni sumu ile. Sisi watoto tulitwanga, yeye akachemsha kutwa nzima na kuengua mafuta yaliyoelea. Harufu yake, jamani! Blanketi lilinuka nyonyo, ugali ulinuka nyonyo. Tukiingia darasani mwalimu alifungua madirisha yote. Lakini tuling'aa kama viatu vya padri siku ya Pasaka.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, alikuwa mweusi kutuzidi wote, na kwa kucheka pia alituzidi. Alishachumbiwa kijiji cha jirani, na tangazo la ndoa lilikuwa limesomwa kanisani mara mbili. Ndipo akapita mchuuzi wa baiskeli akamwambia wanaume wa siku hizi wanataka bibi harusi mweupe. Mwongo mkubwa yule! Ndiye aliyemuuzia babu miwani yenye kioo kimoja, na babu akaivaa miaka. Basi mama mdogo akanunua kopo lenye picha ya mwanamke anayetabasamu, akalifukia kwenye kihenge, chini ya mahindi.

Mimi ndiye niliyekuwa natumwa mahindi. Nikaliona. Kila asubuhi nikachovya kidole, nikapaka shavu la kushoto tu. La kulia nililiacha makusudi, nikasema ngoja nione kwanza.

Ulikuwa wakati wa palizi. Mama mdogo alijipaka alfajiri, kisha akashinda shambani juani. Haikupita muda mrefu uso ukaiva kama nyanya, unabanduka ngozi, huku masikio na shingo vimebaki vyeusi vilevile. Akajifunga kanga usoni, akasema jino linamuuma. Na mimi nikajifunga kitambaa, nikasema jino. Bibi akatutazama. "Nyumba nzima meno? Mmetafuna mawe?"

Jumamosi, kesho yake lisomwe tangazo la tatu, akaja shangazi wa mchumba, na kuku wake kwapani, kumsalimia mwali. Mama mdogo akapiga magoti kumpa togwa. Kanga ikateleza.

"Huyu ni nani?" shangazi akauliza.

"Si ndiye mwali wenu," bibi akajibu, ingawa naye macho yalikuwa yamemtoka.

"Mama, tusichezeane! Sisi tulichumbia yule mweusi. Huyu mmemtoa wapi? Wetu mmemficha, anaumwa?" Akamkwapua kuku wake pale chini alipomweka. "Basi kesho tangazo lisisomwe. Nakwenda kumwambia padri."

Mama mdogo akalia, na machozi yakazidi kumchoma. Alikuwa anampenda yule bwana, kijiji kizima tulijua. Nilijua pia kwamba nikisema nitachapwa. Nikasogea, nikafungua kitambaa.

"Shikamoo shangazi. Ni yeye. Amepaka mafuta. Hata mimi nimepaka."

Shangazi akanishika kidevu. Akanigeuza huku, akanigeuza kule. "Mtazameni huyu! Huku Mngoni, huku sijui nani!" Akacheka mpaka kuku akamponyoka, tukamkimbiza hadi kwenye migomba. Aliporudi alikaa chini na kuinywa togwa yake yote.

Bibi hakucheka. Alinituma nilitoe kopo kihengeni, akamuuliza mama mdogo, "Ndani mna nini?"

Mama mdogo akamwonyesha ile picha ya mwanamke.

"Hujui? Kitu usichokijua unakipaka usoni, na mtoto naye anakuiga?"

Kopo likaishia chooni. Ndoa ikasogezwa hadi baada ya mavuno, mama mdogo akakaa kivulini, ananawa maji matupu tu. Nami nilichapwa, tena na bibi na mama mdogo kwa zamu. Nisikudanganye kwamba alipona kabisa. Mashavuni alibaki na mabaka kama moshi wa jikoni hadi uzeeni, na mumewe akimtania anamwita ramani ya Ruvuma. Shavu langu nalo bado lina kivuli chake.

Basi nikamgeuzia mjukuu wangu shavu hilo. "Na hilo kopo lako, ndani mna nini?"

Akaligeuza kopo juu chini, hakuna kilichoandikwa. Akaingia kwenye simu, akanisomea kwamba makopo ya namna hiyo mengine hukutwa na zebaki, inapenya ngozini mpaka kwenye figo, na mjamzito humpitishia mtoto tumboni. Halafu akasema polepole, "Bibi, la shoga yangu kama hili nimeshapaka siku mbili." Nikamwambia siku mbili si palizi nzima, na kesho tukamwonyeshe daktari uso huo.

Nyonyo zilizozunguka nyumba yetu ya Maposeni zilishang'olewa. Bibi hayupo, mama mdogo na vicheko vyake hayupo, hata kile chungu sijui kilivunjikia kwa nani. Lakini jana, tulipotoka kwa daktari, mjukuu wangu alinitafutia mbegu kilo moja. Tukakaanga uani, tukatwanga, tukachemsha, moshi ukaufunika mtaa. Jirani akachungulia juu ya ukuta ameziba pua.

"Bibi, shikamoo! Mnapika nini humo, mbona kunanuka hivi? Ndani mna nini?"

Kabla sijafungua mdomo, mjukuu wangu akaitikia kwa sauti, mwiko mkononi: "Nyonyo, maji na moto, dada! Basi!"